Kuagiza Miche ya Mbali: Kinachofika Lubutu na Kinachofia Njiani

Mkristo wa Lubutu, katika Maniema ya Kongo, anaujua mtini tangu utotoni bila kuuona. Amesoma jinsi Adamu na Hawa walivyoshona majani yake, amesikia mahubiri ya mtini uliolaaniwa kwa kukosa matunda. Mwislamu wa hapo hapo anaijua sura ya Kurani inayoanza kwa kiapo cha tini na zeituni. Siku hizi simu imeleta picha ya tunda lenyewe, limepasuliwa, jekundu ndani, na chini yake bei ya mche, namba ya kutumia pesa na ahadi ya kuufikisha popote. Mtu akiuliza kama anunue, anastahili jibu refu, kwa sababu hakuna mti unaofundisha vizuri kuliko mtini maana ya kuagiza mmea kutoka mbali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 gazeti la San Francisco liitwalo Bulletin liliagiza karibu vipando 14,000 vya mtini wa Smyrna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, likavigawa kwa wakulima wa California waliokuwa wasomaji wake. Vipando vilishika na miti ikakua. Matunda yalichomoza, yakabaki madogo, yakapukutika kabla ya kuiva, mwaka huu na mwaka uliofuata. Wako walioamini kwamba wauzaji wa Smyrna wamewatapeli kwa aina isiyozaa. Kumbe aina ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni mdudu. Tini ya Smyrna haiivi mpaka nyigu mdogo, wa milimita 2 hivi, aingie ndani yake akiwa na chavua aliyoitoa kwenye mtini-mwitu dume. Mwaka 1899 nyigu hao walipata makazi Fresno, wakiwa wamesafirishwa ndani ya tini za mwitu kutoka Algeria, na ndipo miti ile ilipoanza kuivisha. Karibu miaka 20 ilipita kati ya mche kufika na mche kuwa na faida.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtu wa Lubutu lisiwe bei. Liwe hili: aina hii inaivisha yenyewe au inamhitaji nyigu? Zipo zinazoivisha zenyewe, kama Brown Turkey na Mission, na muuzaji mkweli atajibu bila kusita. Swali la pili ni gumu zaidi, na hapa nitasema ninachoamini. Mtini ni mti wa nchi zenye mvua ya majira ya baridi na jua kavu wakati wa kuiva. Lubutu iko chini ya digrii 1 kusini mwa ikweta, katikati ya msitu, na mvua haikosekani mwezi hata mmoja. Katika unyevu wa namna hiyo majani ya mtini hushikwa na kutu, na tunda hupasuka na kuchacha likiwa bado juu ya mti. Lubumbashi, wenye kiangazi cha miezi mitano hivi, una haki ya kuujaribu. Lubutu naushauri uwe na mtini mmoja ndani ya ndoo chini ya upenu wa nyumba, watoto wa katekisimu wauone na kugusa majani yake. Anayetaka shamba la mitini kwa biashara ahifadhi pesa zake.

Msitu wa Lubutu wenyewe, ule unaoendelea mpaka ndani ya hifadhi ya Maiko, umejaa jamaa wa mtini: miti mikubwa ya jenasi hiyohiyo ya Ficus, mingine ikianzia juu ya mgongo wa mti mwingine na kuuzungushia mizizi mpaka kuumeza. Kila aina ina nyigu wake aliye tayari mlangoni. Uganda, magome ya jamaa mmojawapo, mutuba, ndiyo yanayotwangwa kuwa nguo, kazi ambayo UNESCO imeitambua kuwa urithi usioshikika wa binadamu. Miti hiyo haikuagizwa na mtu.

Lakini mengi tunayoyaona kuwa ya kwetu yaliagizwa. Mpunga, ambao leo mtu wa Maniema haoni sherehe bila huo, uliingia na misafara ya Waungwana kutoka pwani katika karne ya 19, na kuzunguka Nyangwe na Kasongo waliotembelea miji hiyo walikuta bustani zenye michungwa na mikomamanga. Tufikirie safari yenyewe: kutoka pwani ya Bagamoyo hadi Lualaba ni miezi ya kutembea kwa miguu. Mpunga uliweza kwa sababu punje kavu hulala. Mbegu ya karafuu, ambayo Zanzibar ilikuwa ikitajirika kwayo wakati huohuo, hufa ndani ya siku chache ikikauka. Isingefika hata Tabora.

Hapo ndipo ninapoiona kanuni ya suala zima. Mmea hausafiri kwa uzuri wake wala kwa thamani yake. Husafiri kwa uwezo wake wa kulala. Mahindi, mpunga, maharage, mchicha, nyanya, mpapai na mkahawa huweka mbegu inayovumilia, nyingine miezi, nyingine miaka, ikiwa kavu na mbali na joto. Ukiagiza mbegu za mboga kutoka Nairobi au Goma, mfuko mdogo uliofungwa vizuri utapita matope, vizuizi na siku za kusubiri lori, nao utaota. Mbegu za parachichi, embe, kakao, mpira na safu hazilali. Zikitoka ndani ya tunda zinaanza kuota au zinaanza kufa, hakuna njia ya tatu. Kakao ina dawa rahisi: isafirishwe tunda zima bila kupasuliwa, nayo itakaa wiki mbili hivi. Safu mbichi ikipitisha wiki ndani ya gunia, usijisumbue kuipanda.

Muhogo uko kati. Mti wake uliokatwa mrefu na kusimamishwa kivulini huvumilia wiki kadhaa, lakini ukikatwa vipande vifupi kabla ya safari hukauka upesi. Mara nyingi mtu hupokea pingili zilizokufa kwa sababu msafirishaji alizikata ili zitoshe kwenye mzigo. Mwambie alete mti mzima, ukate mwenyewe siku ya kupanda.

Lakini njia ndiyo hakimu wa mwisho. Kwa serikali Lubutu ni wilaya ya jimbo la Maniema, ambalo makao yake makuu ni Kindu. Kwa soko, uso wake umeelekea Kisangani. Barabara ya taifa namba 3 inatoka Kisangani, inapita Lubutu, inaendelea Walikale hadi Bukavu, na ndiyo mshipa wa kila kitu. Kwenda Kindu kwa njia ya Punia ni adha nyingine. Kuna ndege ndogo pia, zikitua Tingi-Tingi, uwanja ule ulio kilomita 7 kutoka mjini na ambao dunia iliujua kwa kambi ya wakimbizi ya 1996 na 1997. Kifurushi cha mche hakitafuti stempu. Kinapita mikononi: dereva wa lori, mwendesha pikipiki, shangazi anayerudi kutoka Kisangani, rafiki aliyepata kiti kwenye ndege. Kila mkono ni mwema, ila hakuna mkono unaomwagilia maji. Mche wa kwenye mfuko wa udongo una kilo moja au mbili; ishirini ni mzigo wa pikipiki nzima, na nauli yake inaweza kuipita bei ya miche yenyewe. Lori likikwama siku tatu kwenye matope, ile miche iliyo chini ya magunia ya chumvi haina cha kukuambia tena.

Mchikichi ni mfano mwingine kabisa. Hekta moja ya michikichi huhitaji miti 143 hivi, ikipandwa kwa pembetatu zenye nafasi ya mita 9. Mbegu za kutosha hekta hiyo, zilizokwisha kuoteshwa kidogo na kufungwa kwenye mfuko wenye unyevu, hubebwa kwa mkono mmoja. Kwa uzito huo ningesema mchikichi umeumbwa kwa kuagizwa. Lakini ndio mti ambao mnunuzi hudanganywa kwa urahisi zaidi, na sababu yake iligunduliwa karibu na hapa, Yangambi, kilomita 100 hivi chini ya Kisangani kwa kufuata mto.

Yangambi ilikuwa kituo kikuu cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933, mama wa INERA ya leo. Mwaka 1941 watafiti wake wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walieleza jinsi unene wa kokwa ya chikichi unavyorithiwa. Kuna mchikichi wa kokwa nene, dura. Kuna usio na kokwa, pisifera, ambao kwa kawaida haukomazi mikungu. Ukizivusha hizo mbili unapata tenera: kokwa nyembamba, nyama nyingi, mawese mengi. Sekta nzima ya mawese, hata ile ya Asia, inasimama juu ya ugunduzi huo. Sasa tazama kinachotokea sokoni. Mtu anaokota mbegu chini ya tenera nzuri na kuziuza kama mbegu bora. Hasemi uongo kwa nia, mti aliouokotea kweli ni bora. Lakini tenera ikivukana na tenera, katika watoto 100 nusu tu watakuwa tenera, robo watarudi kuwa dura, na robo watakuwa pisifera tasa. Mnunuzi amefyeka msitu, amepanda, amepalilia miaka mitatu au minne, ndipo anahesabu miti isiyozaa. Wakati huo muuzaji habari zake zimepotea.

Huo ndio ugumu hasa wa kununua mti kwa mbali. Viatu vikifika vibovu unajua siku hiyohiyo. Mti hukaa kimya miaka. Parachichi ya Hass inaonyesha jambo hilo vizuri. Rudolph Hass alikuwa tarishi wa posta huko California. Mti mmoja uliomea shambani kwake ulimvutia, akaupatia hataza mwaka 1935. Kila Hass ya kweli duniani ni kipande cha mti ule, kilichobebeshwa juu ya shina la mwingine, na mti mama wenyewe ulikufa mwaka 2002. Ukila Hass na kupanda kokwa yake utapata parachichi, labda nzuri, labda ya maji, lakini si Hass. Kwa hiyo mche unaouzwa kwa jina hilo lazima uwe na kovu la kubebeshwa, kipindo kidogo cha ngozi juu kidogo ya udongo. Omba picha ya kovu, si ya tunda. Picha ya tunda kila mtu anayo. Hata ukiipata ya kweli, Hass inapenda nyanda za juu, kwenye baridi ya usiku. Kwenye joto la msitu huzaa matunda madogo. Kwa Lubutu heri kubebesha kikonyo cha mti wa jirani ambao familia tatu zimeula miaka kumi zikausifu.

Naomba nirudi kwenye historia, kwa kuwa kuna jambo linaloniuma. Mwishoni mwa karne ya 19 wakusanyaji wa mimea waliokuwa Lusambo, katika nchi ya Sankuru inayopakana na Maniema yetu, walituma Ubelgiji mkahawa wa msitu wa Kongo. Kampuni ya bustani ya familia ya Linden huko Brussels, iliyoitwa L'Horticole Coloniale, iliuotesha, ikaupa jina la biashara robusta, ikautia kwenye orodha yake ya kuuza. Wakati huo kutu ya majani ilikuwa imeangamiza mikahawa ya Java. Waholanzi waliagiza miche, ikasafiri kwa meli mwanzoni mwa karne ya 20, ikashinda ugonjwa, na kutoka kisiwa hicho robusta ikatawanyika. Baadaye aina zilizochaguliwa Java zilirudishwa Kongo na kupandwa kama kitu kipya. Mmea uliotoka ujirani wetu uliagizwa, ukapewa jina, ukauzwa, ukarudi kutoka upande wa pili wa dunia.

Na si huo peke yake. Watunzaji wa migomba kila nchi wanaijua ndizi iitwayo Yangambi Km 5, ikibeba jina la kilomita ya tano ya kituo kilekile. Inavumilia ugonjwa wa madoa ya majani na minyoo ya mizizi, na kwa ajili hiyo hutafutwa. Aina zaidi ya 1,500 za migomba zinatunzwa kwenye mirija ya kioo katika Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, kituo kilichoanza mwaka 1985, na mtafiti akiomba hutumiwa vimche visafi ndani ya mirija, vyepesi kama barua. Mtaalamu aliye na maabara huko Asia anaweza kuipata ndizi ya Yangambi kwa utaratibu huo. Mama mwenye shamba njia ya Obokote hana maabara ya kuufungulia mrija, wala hana lori linalomletea chipukizi kutoka Yangambi kwa bei anayoiweza. Hilo sitaki kulizoea.

Chipukizi la mgomba, kama linavyong'olewa kienyeji, ni mzigo mbaya wa safari: zito, lina udongo, na udongo una wakazi. Makemba, ndizi za kupika za watu wa Kisangani, hubeba minyoo na fukusi ndani ya kiazi chao. Wataalamu wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, wanafundisha njia ambayo kila jiko la Lubutu linaiweza: menya kiazi cha chipukizi mpaka kiwe cheupe, kisha kitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, utoe. Minyoo hufa, chipukizi huishi. Lakini maji ya moto hayaui virusi. Kuna ugonjwa unaoyafupisha majani ya mgomba na kuyakusanya kileleni kama fungu, mgomba ukadumaa bila mkungu. Uliandikwa Yangambi tangu miaka ya 1950, na hubebwa na vidukari na machipukizi yenyewe. Upande wa Kivu umeingia mnyauko wa bakteria, ulioonekana Masisi na Uganda mwaka 2001, unaooza ndizi ndani ya ganda. Barabara namba 3 imefunga Lubutu katikati ya pande hizo mbili. Ninapofikiria kitakachotokea pikipiki moja ikileta chipukizi gonjwa, sioni kwamba kuagiza ovyo ni jambo la mnunuzi na pesa zake tu. Ni la jirani yake pia, ambaye hakununua kitu.

Serikali ina vyombo kwa ajili hiyo. SENASEM huthibitisha mbegu, na SQAV husimamia karantini ya mimea mipakani. Mbegu yenye karatasi ya SENASEM ina thamani kuliko maneno matamu, na anayeagiza kutoka Uganda au Rwanda adai cheti cha afya ya mimea. Lakini karatasi haimfuati kila mwendesha pikipiki, kwa hiyo ulinzi uliobaki ni wa mnunuzi. Malipo kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money yamerahisisha kutuma; hayajarahisisha kurudishiwa. Lipa nusu, ubakize nusu mpaka miche ishike. Mwenye kitalu anayejiamini hukubali, hasa ukiwa umeagiza kwa niaba ya watu kumi.

Na hapo ndipo ninapopaona pa kushika. Lubutu isiagize miche, iagize mama wa miche. Tuseme kanisa, shule ya sekondari au ushirika unaagiza machipukizi matano tu ya makemba yaliyo safi, mchikichi kutoka chanzo cha kweli, na miche miwili miwili ya parachichi na chungwa iliyobebeshwa. Vitu vichache hivyo vinaweza kuletwa na mtu mmoja anayejua, akivishika miguuni mwake njia nzima. Kisha vinazidishwa hapa hapa. Kwa makemba kuna njia iliyotengenezwa Njombé, Kamerun, katika kituo cha CARBAP: kiazi cha chipukizi huchanwa, hufukiwa kwenye unga wa mbao ndani ya kibanda kidogo cha plastiki chenye joto na unyevu, na ndani ya miezi minne hivi kimoja hutoa makumi ya vimche. Mbao zinapasuliwa kila siku katika nchi hii. Unga wake hutupwa au huchomwa. Plastiki ndiyo ya kununua. Kwa parachichi na chungwa kinachohitajika ni kisu kikali, utepe na kijana aliyefundishwa kubebesha, naye atakuwa na kazi maisha yake yote.

Njia hii ina hatari yake. Mama mmoja akiwa mgonjwa, au akiwa siye aliyetajwa, kosa lake linazaliana mji mzima. Ndiyo maana nisingenunua kutoka chanzo kimoja, na ningeyaweka machipukizi mapya mbali na mashamba kwa miezi kadhaa, nikiyatazama majani kila wiki, kabla ya kuyakata kwa ajili ya wengine. Mgomba unaodumaa ung'olewe na kuchomwa, hata kama nauli yake iliuma.

Kila mti mama uwe na kibao: jina la aina, ulikotoka, nani aliyeuleta, tarehe. Tunajua leo kwamba robusta ile ilitoka Lusambo kwa sababu kuna aliyeandika. Bati la kopo la nyanya, likikatwa na kuandikwa kwa msumari, hudumu miaka kwenye mvua ya Lubutu.